Tui la Ijumaa

Kisumu Ndogo, Malindi
3 Oktoba 1982

Kwako Jedida,

Mimi baba yako Laban Ochola nina miaka sabini na mitatu kamili. Nimewazika kaka zangu wawili, nimemzika mama yako Mbeyu, nimewapita umri mameneja watatu wa hoteli na hoteli yenyewe, maana paa lake la makuti liliungua na jiko langu mimi bado linasimama. Mvua za sitini na moja zilibomoa nyumba yangu, mimi hazikunibomoa. Meno ndiyo yaliyonikimbia, yamebaki sita, na hayo sita yananitosha.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, usidhani nimemtuma mtu. Mwalimu wa ngumbaru anasema katika darasa lake la wazee hakuna anayenishinda kuandika ila mmoja, na huyo aliwahi kuwa karani, kwa hiyo hayumo.

Sasa sikiliza. Krismasi hii uje nyumbani. Miaka minne inatosha. Nitapika choma ambayo Malindi haijaiona, na haina nyama. Haina nyama, haina supu ya nyama, haina mafuta ya mnyama. Mimi niliyechoma mbuzi wa harusi kutoka Mambrui mpaka Kilifi, nitachoma boga. Watu wamecheka hapa. Nyakio jirani yangu ameniuliza, "Mzee, boga nalo ni karamu?" Nimemwambia, wewe ule kwanza ndipo uongee.

Yale mambo ya maharagwe tusiyarudie. Ulikasirika, ukaenda zako, yakaisha.

Ni mimi baba yako,
Laban Ochola


Kendu Bay
24 Oktoba 1982

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeishika barua yako nikailia kabla sijaisoma, kwa sababu sijawahi kuuona mwandiko wako maishani mwangu. Mume wangu Simeon anakusalimu. Anasema herufi zako zimesimama wima kama mwenyewe.

Lakini hayakuisha, Baba. Tulipomaliza matanga ya Mama uliniandalia maharagwe ya peke yangu. Ulijua kwamba tangu nibatizwe na Wasabato nimeacha nyama. Nilikuuliza mbele ya watu kama hayana nyama, ukaniapia kwa jina la Mama, na kaburi lake bado lina udongo mbichi. Nilipomaliza sahani ukasimama, ukapiga paja, ukasema, "Amekunywa supu ya mbuzi nzima nzima na hakujua! Huyo ndiye Laban!" Watu wakacheka. Nilitoka nje nikatapika. Wewe unadhani nilitapika supu. Nilikuwa natapika kile kiapo.

Nitakuja. Nataka sana kuja. Ila Krismasi ya mwaka huu inaangukia Jumamosi, nayo ni Sabato. Sisi hatupiki siku ya Sabato. Kila kitu kiwe kimepikwa Ijumaa kabla ya jua kutua, hata nazi isikunwe Jumamosi. Kama huwezi, niambie tu kwamba huwezi, nitakula ndizi mbivu na tutakaa tuzungumze. Nakuomba kitu kimoja: usinidanganye tena katika chakula.

Siku hizi nachoka upesi na safari ni ndefu kwangu. Lakini nitakuja.

Mwanao,
Jedida


Kisumu Ndogo, Malindi
14 Novemba 1982

Jedida,

Unachoka upesi, una miaka thelathini na mmoja! Huo ni uvivu wa bara. Mimi asubuhi nimetoka Kakuyuni na boga begani, zito kama mtoto wa miaka miwili, na sijapumzika njiani. Nilisimama mara moja tu, na hapo nilikuwa namsalimu mtu.

Hiyo Ijumaa yenu nimeikubali. Nimenung'unika siku tatu halafu nimekubali. Sikia sasa. Boga nitalitoboa juu, nitalikomba mbegu, nitalijaza wali, kunde, korosho za kukaanga, vitunguu na bizari. Nitalifunga majani ya mgomba matabaka manne, nitalifukia katika makaa ya vifuu vya nazi Ijumaa mchana. Litalala humo lenyewe bila kuguswa na mkono wa mtu, na Jumamosi ukilifungua bado lina joto. Hilo halina dhambi, niliuliza.

Halafu rojo lake. Nazi tupu. Kasimile, lile tui la kwanza zito, pamoja na korosho zilizosagwa na tangawizi, zito mpaka kijiko kisimame.

Najua utasema tui la Ijumaa huchacha Jumamosi, tena kwa joto la Desemba. Nilikufundisha mwenyewe ukiwa huufikii mdomo wa chungu. Hilo niachie mimi. Mtu aliyepika hoteli miaka thelathini na miwili hafundishwi tui na yeyote.

Baba yako,
Laban Ochola


Kendu Bay
5 Desemba 1982

Baba,

Shikamoo. Nitafika Ijumaa jioni kwa basi la kutoka Mombasa. Nitalala kwa waumini wenzangu hapo mjini, asubuhi nitakuwa kanisani, saa saba mchana niko mlangoni kwako. Simeon hatapata ruhusa kazini, nitakuja peke yangu.

Rojo likichacha tutalila limechacha. Mimi sijali, Baba. Kweli sijali.

Jedida


Kisumu Ndogo, Malindi
9 Januari 1983

Jedida,

Simeon ameandika kwamba umefika salama. Wewe mwenyewe hukuandika. Basi nitaandika mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyedhalilishwa.

Uliingia saa saba na nusu, umenenepa miguu, nikakwambia bara wanakulisha vizuri, ukacheka kidogo. Nyakio alikuwepo na watu wanane wengine. Nikalifungua boga mbele yao. Lilitoa mvuke, watu wakasema aaah. Hata yule fundi cherehani anayenichukia alisema aaah. Nikafunua chungu cha rojo. Ukachovya kidole, ukalamba. Nilikuwa nakutazama uso. Nilingoja uso huo miaka minne.

Ukaniuliza, "Baba, tui hili la lini?"

Nikasema, "La jana."

Ukachovya tena. Ukasema polepole, kama unasema na mgonjwa, "Baba. La lini?"

"Jedida, la jana! Ijumaa, jua likiwa juu!"

"Tui la jana halina utamu huu. Hili limekamuliwa leo asubuhi, mimi nikiwa kanisani."

Nyakio akafungua mdomo aseme, nikamwambia nyamaza mama, Laban hatetewi na jirani ndani ya nyumba yake. Ukaifunika sahani yako na kitambaa kama mtu anayefunika maiti. Ukasema, "Kwaheri Baba, mimi nakwenda." Watu wakabaki na vijiko mikononi.

Sikukudanganya. Lile tui lilikuwa la Ijumaa. Nimesema na nimemaliza.

Laban Ochola


Kendu Bay
30 Januari 1983

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ulivyokusudia. Nataka kukuamini mpaka kifua kinaniuma. Lakini nimekaa jikoni kwako miaka kumi na tisa, nikakuna nazi zako, nikamwaga vyungu vya tui lililolala, na wewe mwenyewe ukinikaripia, "Tui halilali, Jedida! Tui si mgeni!" Ulimi wangu umeufundisha wewe. Sasa huo ulimi unaniambia neno moja na wewe unaniambia jingine.

Niambie ulifanyaje. Sitaki uape, kiapo chako ninakiogopa. Nataka mstari mmoja tu: ulilifanya nini lisichache? Nikiuona mstari huo nitajaribu mwenyewe hapa, na likilala salama nitapanda basi nije nipige magoti mbele ya hao hao watu wanane na fundi cherehani wako.

Mstari mmoja, Baba.

Jedida


Mambrui
11 Februari 1983

Kwa Mzee Labani,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, sisi wazima, twamshukuru Mungu. Nimepata habari kwa Gona mkwezi, aniletea nazi, kwamba bintiyo aliinuka kwenye sahani akenda zake na hakula. Nimehuzunika mno. Usiku sikupata usingizi kwa jambo lisilonihusu.

Labani, hukumwambia? Ulikuja kwangu Jumatano ile ukavua kofia mlangoni, ukasema, "Mwanabibi, wewe wapika harusi za siku tatu na tui lako halichachi. Nifundishe, mwanangu aja." Nikakufundisha, nikakupa na chungu changu. Neno hilo wamficha mtoto kwa nini? Ama waona haya watu wajue kwamba mpishi wa hoteli kafundishwa tui na mjane wa Mambrui? Haya hiyo ni ndogo, Labani. Mimi sifa sizitaki, waambie watu ni zako. Yeye tu mwambie.

Ukishindwa, nipe anwani yake nimwandikie mimi.

Wasalaam,
Mwanabibi binti Abdillahi


Kisumu Ndogo, Malindi
2 Machi 1983

Jedida,

Unataka mstari. Mimi si mtoto wa shule wa kuandikishwa mistari. Utaalamu wa Laban Ochola haupelekwi posta. Mameneja watatu waliutaka, wakaondoka bila kuupata.

Baba haulizwi. Baba akisema la jana, ni la jana. Kama ulimi wako unajua kuliko mimi basi kaa na ulimi wako.

Boga lililobaki tulilila Jumapili. Hata rojo lilikuwa bado zuri. Hukuwepo.

Laban Ochola


Kendu Bay
20 Novemba 1983

Baba mkwe,

Shikamoo. Nakuandikia barua ambayo sikujua ningeiandika. Jedida ametutoka Ijumaa tarehe kumi na moja, asubuhi. Tumemzika Jumapili. Kaka yangu alikupigia telegramu, lakini aliituma kwa anwani ya zamani ya hoteli, ikarudi. Naomba radhi, Baba. Ulipaswa kuwepo.

Ulikuwa moyo. Aliugua tangu mwaka wa themanini na moja. Miguu uliyoiona imenenepa ilikuwa imevimba maji. Daktari alimkataza safari ya Malindi, akaja. Alinikataza nisikuambie. Alisema, "Baba akijua naumwa atanipikia kwa huruma. Mimi nataka anipikie kwa kweli."

Kuna jambo jingine lazima nikuambie, ingawa sijui kama ni la kukutuliza ama la kukuumiza. Baada ya barua yako ya Machi hakukuandikia tena, na mimi nilidhani amekata. Hakukata. Kila Alhamisi alikuwa akiagiza nazi kutoka soko la Kisumu. Ijumaa anakuna, anamimina maji ya vuguvugu, anakamua, anapika, anafunika. Sabato tukirudi kanisani anafunua chungu na kuonja. Limechacha. Anasema, "Simeon, Baba ni mwongo." Halafu Ijumaa inayofuata anakuna tena.

Siku moja nilimuuliza, "Kama umeshaamua ni mwongo, unakuna nini?" Akanijibu, "Natafuta mahali aliponiambia kweli."

Alijaribu kulichemsha sana, likakatika. Alijaribu chumvi nyingi. Alijaribu kulifunika kwa kitambaa chenye maji, kulining'iniza dirishani, kulizika shambani. Ijumaa zake mbili za mwisho hakuweza kukaa juu ya mbuzi ya kukunia. Nilikuna mimi, yeye amekaa kwenye kiti ananielekeza, "Usifike kwenye ganda la ndani, litakuwa jeusi, Baba hapendi."

Yote yalichacha, Baba. Hata la mwisho.

Mkweo,
Simeon


Kisumu Ndogo, Malindi
4 Desemba 1983

Mkwe wangu Simeon,

Barua yako imesomwa na Nyakio kwa sababu macho yangu yalikataa. Nimekaa nayo siku nne. Mwalimu wa ngumbaru alikuja kuniuliza kwa nini siji darasani, nikamfukuza, halafu nikamwita anirudishie kalamu yangu niliyoiacha darasani.

Ni maji, Simeon. Alikuwa anatia maji. Basi, hakuna kingine. Mengine yote alikuwa ameyapata. Kuzika alikuwa ameshafika, chumvi alikuwa ameshafika. Maji ndiyo yanayochachua tui, na mimi ndiye niliyemfundisha kutia maji, kwa sababu hotelini tulikuwa na barafu na watu wengi wa kulisha. Mstari alioutaka ulikuwa huu: usitie maji. Maneno mawili. Hata darasa la ngumbaru hawahesabu huo kuwa mstari.

Nitaandika yote sasa. Najua nani hatasoma.

Chukua nazi kavu ambazo hazijaanza kuota, ishirini kwa chungu kimoja, kwa sababu bila maji zinatoa kidogo. Zikune nyeupe tu. Kamua kwa kitambaa kilichochemshwa kikakauka juani. Mkono uwe mkavu kabisa, hata jasho pangusa. Bandika kwenye moto mdogo, koroga upande mmoja, usifunike, usiliache likatokota. Tia chumvi, tia korosho zilizosagwa na tangawizi. Ndimu weka mezani, kila mtu ajikamulie. Chungu kiwe kimefukizwa ubani juu ya makaa, kimeinamishwa, mpaka ndani kinukie na kishike moto. Mimina rojo likiwa bado la moto. Funika kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni, funga, fukia katika mchanga uliolowa kivulini, usifungue kuchungulia. Mimi nilitamani kuchungulia mara saba na sikuchungulia.

Hayo si yangu. Hotelini sikuyajua. Niliambiwa na mwanamke wa Mambrui siku tatu kabla ya Krismasi ile, nikayavaa kama yangu, na mtoto alipouliza nilifanyaje nikaona afadhali aniite mwongo kuliko aniite mwanafunzi. Mwanamke huyo alitaka kumwandikia mwenyewe. Sikumpa anwani.

Na ile siku ya maharagwe, Simeon, nilitia supu. Niliapa kwa jina la Mbeyu na supu iko mkononi. Niliwachekesha watu. Jedida sikuwahi kumwambia neno hili kwa maneno haya, nilimwambia aje ale boga. Nilidhani boga lingesema.

Mimi siji huko. Wewe umesema ningepaswa kuwepo, lakini mtu anakwenda kaburini na kitu mkononi, na mimi nilichokuwa nacho nilikizuia tangu Januari. Watu wa kwenu wakiuliza kama baba yake alimdanganya mara mbili, waambie ni mara moja. Mimi wasiniulize, mdomo wangu haufai tena kwa jambo hili. Waulize hawa. Gona mkwezi, aliyeniangulia nazi ishirini asubuhi ya Ijumaa tarehe ishirini na nne Desemba mwaka jana, na Jumamosi hakupanda mnazi. Nyakio jirani yangu, aliyeniona nikifukia chungu jua likiwa juu ya paa la msikiti, na akataka kusema mezani nikamnyamazisha. Na Mwanabibi binti Abdillahi wa Mambrui, mjane, mpishi wa harusi, mwalimu wangu.

Laban Ochola